Saa Moja ya Jela: Floyd Allen na Mahakama ya Hillsville

Kabla ya kuhamia Marekani nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka saba, na kazi hiyo humwachia mtu mazoea ambayo hayamtoki hata akiwa mbali na nyumbani. Nikiingia katika chumba chochote chenye meza ya hakimu, macho yangu hutangulia kutafuta mlango, kisha benchi la mashahidi, kisha mtu aliyevaa koti zito siku isiyo na baridi. Ndiyo maana mzee mmoja jirani yangu hapa Winston-Salem aliponisimulia kwamba mwendo wa saa moja hivi kutoka tunapoishi, katika mji wa Hillsville, Wilaya ya Carroll, jimbo la Virginia, ipo mahakama ambamo jaji, mwendesha mashtaka na sherifu waliuawa asubuhi moja, mara tu baada ya hukumu kusomwa, sikutulia mpaka nilipokwenda kuiona.

Barabara ya kwenda huko inapita Mount Airy, mji wa mwisho wa North Carolina, kisha inavuka mpaka wa Virginia na kuanza kuupanda mlima kuelekea Fancy Gap. Sehemu hiyo inasifika kwa ukungu. Siku niliyopita mimi, ukungu ulikuwa umeifunika barabara kiasi kwamba magari yote yalitambaa na taa zimewashwa, na nilipofika juu, jua lilikuwa linawaka kana kwamba nimeingia nchi nyingine. Naitaja njia hii kwa sababu kisa chenyewe kilianzia juu yake.

Mwishoni mwa mwaka 1910 vijana wawili wa Wilaya ya Carroll, Wesley na Sidna Edwards, waligombana na vijana wenzao kwa ajili ya msichana aliyebusiwa katika shughuli ya kumenya mahindi, na ugomvi huo ukaendelea mpaka kwenye uwanja wa kanisa. Hati za kuwakamata zilipotolewa, wakavuka mpaka wakajificha Mount Airy. Walikamatwa huko na kukabidhiwa kwa manaibu wawili wa sherifu waliotumwa kuwarudisha Hillsville kwa gari la farasi, mmoja akiwa na pingu na mwenzake amefungwa kamba. Wakiwa njiani wanaupanda mlima, manaibu hao walikutana na mjomba wa vijana hao, Floyd Allen, mkulima na mfanyabiashara aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini. Floyd alisema hakupinga wapwa zake kushtakiwa, bali alichokataa ni kuona watoto wa dada yake wakipitishwa mbele ya majirani wamefungwa kama wanyama. Naibu mmoja alipigwa, wafungwa wakafunguliwa, na baadaye Floyd mwenyewe akawapeleka mahakamani ili wajibu mashtaka yao. Walihukumiwa kifungo kifupi wakakitumikia. Kesi iliyobaki ilikuwa ya Floyd, kwa kuwazuia maofisa kutekeleza kazi yao.

Kwa miezi mingi kesi hiyo iliahirishwa na kuahirishwa. Hilo kwangu halikuwa jambo geni hata kidogo. Lakini kuna jambo la zamani zaidi katika maisha ya Floyd ambalo lilinifanya nirudie kusoma ukurasa mara mbili nikiwa nimeketi jikoni usiku. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa amepatikana na hatia ya kumshambulia mtu, na adhabu aliyopewa ilikuwa faini ya dola 100 pamoja na kifungo cha saa moja. Saa moja tu! Hapo nyumbani mshtakiwa wa namna hiyo angemaliza kifungo chake akiwa bado anamsubiri ndugu yake amletee chai. Floyd hakukubali. Alikata rufaa, akatafuta msamaha wa gavana akaupata, na akajulikana wilaya nzima kwa kauli yake kwamba hatalala wala kukaa jela hata dakika moja maadamu damu inazunguka mwilini mwake.

Watu wanaosimulia habari za milima ya Appalachia hupenda kuwaweka wote katika kapu moja: wapika gongo, wenye visasi vya kurithishana, majambazi wa msituni wenye ndevu na bunduki ndefu. Gongo ilikuwepo kweli, na kwa sababu inayoeleweka. Mkulima wa mlimani, mwenye mahindi au matufaha na asiye na barabara ya kuyafikisha sokoni, alipata faida zaidi kuyageuza kuwa pombe kali inayobebeka kwenye mapipa machache, na serikali kuu ilipoanza kutoza ushuru wa pombe hiyo mwaka 1862, kazi ambayo babu zake waliifanya mchana ikawa ya kufanywa usiku. Akina Allen nao walihusishwa na biashara hiyo. Hadithi moja inayorudiwa sana husema Floyd na kaka yake Jack walipigana risasi wao kwa wao wakati wa kugawana mali ya baba yao, kisa kikiwa pipa la brandi, na kwamba kati ya makovu kumi na matatu ya risasi yaliyokuwa mwilini mwa Floyd, matano alipewa na watu wa ukoo wake mwenyewe.

Hata hivyo, ukiishia kwenye gongo na makovu utakosa kiini cha jambo. Floyd hakuwa mtu wa msituni. Alikuwa na ardhi, alikuwa na fedha, na alifahamika kwa ukarimu kwa waliomheshimu. Mdogo wake, Sidna Allen, ambaye jina lake lilikuja kuwa maarufu kuliko la kaka yake, alikuwa mwenye duka, na mwaka 1911 alikuwa amemaliza kujenga pale Fancy Gap nyumba iliyokuwa gumzo la wilaya. Ukoo huo ulikuwa wa chama cha Democratic katika wilaya ambayo ofisi zake zilikuwa zimeanza kuchukuliwa na watu wa Republican, na karani mkuu wa mahakama, Dexter Goad, pamoja na mwendesha mashtaka, William Foster, walikuwa upande huo wa pili. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe hapa lilikuwa jengo la mahakama. Mtu kama Floyd tulimjua vizuri katika kazi yetu: anayemsalimia hakimu kwa jina, anayejua ni karani gani wa kumwendea, ambaye kwa muda mrefu sheria imekuwa kitu anachokitumia yeye na kinachowapata wengine. Ukimwambia mtu huyo kwamba leo ni zamu yake, atalipokea neno hilo kama tusi.

Kesi ilisikilizwa hatimaye mwezi Machi 1912 mbele ya Jaji Thornton Massie. Juri, yaani wale raia kumi na wawili wanaoamua hatia, ambao kwa sisi tuliozoea wazee wa baraza wana mamlaka makubwa mno, hawakuafikiana siku ya kwanza, wakalala mjini, na asubuhi ya tarehe 14 wakarudi na uamuzi: ana hatia, mwaka mmoja gerezani.

Chumba chenyewe kiko ghorofani. Jengo hilo lilijengwa katika miaka ya 1870, lina nguzo nyeupe mbele na ngazi za kupandia kutokea nje, na siku hizi ni jumba la makumbusho la historia ya wilaya. Nilipoingia nilimkuta mama mmoja wa makamo, mmoja wa wanaojitolea kupokea wageni, ambaye aliponiuliza natoka wapi nami nikamjibu Tanzania, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, umesafiri mbali sana kuja kuona mahali tulipoaibika." Hakuongeza neno, na mimi sikumdadisi.

Nilisimama pale ambapo karani angeketi. Nilichokiona mara moja, na ambacho maandishi hayakunionyesha, ni udogo wa mahali penyewe. Umbali kati ya meza ya karani na kiti cha mshtakiwa ni wa kupeana karatasi kwa mkono. Siku ile chumba kilijaa watu. Floyd alikuwa ameketi nyuma ya mawakili wake, mwanawe Claude na mdogo wake Sidna walikuwa wamesimama kando pamoja na watazamaji, na silaha zilikuwa mifukoni mwa pande zote mbili, kwa kuwa maofisa wa mahakama nao walikuja wamejiandaa. Hapo ndipo nafsi yangu ya ukarani ilipolalamika. Mahakama ambayo karani wake amekuja kazini na bastola imekwisha kuvunjika kabla ya risasi ya kwanza, na Jaji Massie, ambaye alikuwa amedokezwa juu ya hatari, alichagua kuendesha shauri bila kumpekua mtu yeyote mlangoni.

Sherifu Lewis Webb alipoagizwa amchukue mfungwa, Floyd alisimama akasema, kwa Kiingereza chao cha mlimani, kwamba yeye haendi. Maneno yalikuwa machache hivyo. Kilichofuata kilichukua dakika moja na nusu hivi. Makumi ya risasi yalipigwa, kwanza ndani ya chumba kilichojaa moshi hata watu hawakuonana, kisha kwenye ngazi, kisha mtaani. Jaji Massie alikufa, sherifu akafa, na Foster mwendesha mashtaka akafa. Mmoja wa wajumbe wa juri, Augustus Fowler, alijeruhiwa vibaya na hakupona. Wa tano alikuwa Betty Ayers, msichana wa miaka 19 aliyekuja mahakamani kwa wito wa ushahidi. Alipigwa risasi mgongoni akijaribu kutoka nje, na siku iliyofuata akafa. Goad alijeruhiwa akapona. Floyd mwenyewe alipigwa risasi miguuni, hakuweza kupanda farasi, na usiku huo alilala katika hoteli ya mjini, mwanawe Victor akimuuguza, mpaka walipokuja kumkamata asubuhi, naye akajaribu kujikata koo kwa kisu cha mfukoni.

Nani alianza kufyatua? Hilo ndilo swali ambalo watu wa Carroll wameliulizana kwa zaidi ya miaka mia moja. Wapo wasemao ni Claude, wapo wasemao ni Goad, na wapo wanaoapa kwamba bastola ya sherifu, ambayo hakuwa ameizoea, ilijifyatua yenyewe. Kwa kawaida jibu utakalopewa linategemea ukoo wa anayekujibu. Wazao wa pande zote mbili bado wanaishi wilaya hiyohiyo, wamesoma shule moja, wamezikana, na wengine wameoana, hivyo kwa muda mrefu jambo hilo lilikuwa halizungumzwi mezani. Mimi nina maoni yangu kuhusu swali hilo, nayo ni kwamba limepewa uzito usiostahili. Watu walioingia chumbani wakiwa tayari kuua hawawezi kutakaswa na nusu sekunde.

Jambo jingine lilinigusa kwa sababu ya kazi yangu ya zamani. Kwa sheria ya Virginia ya wakati ule, manaibu walipata mamlaka yao kupitia kwa sherifu, na sherifu akifa mamlaka hayo yanakwisha. Kwa hiyo saa ileile ambapo wilaya ilihitaji askari kuliko wakati wowote, haikuwa na hata mmoja wa kisheria. Aliyelitambua hilo na kuchukua hatua alikuwa karani msaidizi, Floyd Landreth, aliyempelekea gavana simu ya maandishi akiomba msaada. Gavana William Hodges Mann alituma askari, na pamoja nao wakaja wapelelezi binafsi wa kampuni ya Baldwin-Felts, watu ambao wachimba makaa wa milima hiyo walikuwa wanawaogopa na kuwachukia kwa kuvunja migomo. Uwindaji ukaanza, na magazeti ya miji mikubwa yakaleta waandishi waliokwisha kuandika habari zao ndani ya treni kabla ya kufika. Mwenye duka akawa jambazi wa mapangoni, mkulima mwenye akiba benki akawa mtu asiyejua kusoma alama za ustaarabu. Kelele hizo zilidumu mwezi mmoja. Tarehe 15 Aprili meli ya Titanic ikazama, na Hillsville ikaondoka katika kurasa za mbele.

Sidna Allen na mpwa wake Wesley ndio waliokimbia kwa muda mrefu kuliko wote. Walikamatwa Septemba huko Des Moines, jimbo la Iowa, walikokuwa wakiishi kwa majina mengine, baada ya mchumba wa Wesley kusafiri kumfuata huku wapelelezi wakiwa nyuma yake. Wapo waliomwita msichana huyo msaliti, na wapo wanaosema alikuwa kipofu wa mapenzi, hakujua kwamba ameongozana na mbwa mwitu. Floyd na Claude, waliohukumiwa Wytheville, waliuawa kwa kiti cha umeme Richmond tarehe 28 Machi 1913. Maelfu ya watu walikuwa wametia saini maombi ya kuwanusuru, hasa Claude, kijana wa miaka ya ishirini na kitu, mwenye sura nzuri, ambaye wengi waliona kosa lake ni kumtetea baba yake. Usiku wa mwisho gavana alikuwa nje ya jimbo, marafiki wakaenda kumwamsha naibu wake ili atumie mamlaka ya kupunguza adhabu. Gavana akapata habari, akarudi mbio na kukanyaga ardhi ya Virginia, na mlango ukafungwa.

Sidna alipewa miaka 35 na Wesley 27. Walisamehewa mwaka 1926 na Gavana Harry Byrd. Wenzao wawili, Friel Allen, mtoto wa Jack, na Sidna Edwards, walikuwa wametangulia kutoka mwaka 1922. Akiwa gerezani Sidna Allen alijifunza useremala wa kupachika vipande vidogo vya mbao za rangi mbalimbali, na alipotoka alizunguka akionyesha meza na makabati yake kwa kiingilio. Nimeitazama kazi yake ya namna hiyo kwa karibu, uso ukigusa kioo karibu. Vipande vingine ni vidogo kama kucha ya mtoto, vimepangwa kwa nyota na miraba bila nafasi ya kupitisha uzi. Mikono ileile. Nilijikuta nimesimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mahali alipoangukia jaji, na sina hakika kama hilo linanisifu.

Ngano nazo hazikuchelewa. Inasimuliwa kwamba juu ya kaburi la Floyd na Claude liliwekwa jiwe lenye maneno makali ya kuishutumu serikali kuwa imewaua kwa jina la sheria, na kwamba jiwe hilo liliondolewa ili wafungwa waliobaki wapate msamaha. Husimuliwa hivyo kwa sauti ya chini, kama siri, ingawa kila mtu anaijua. Nyimbo zilitungwa mapema sana, zikapigwa kwa banjo na fidla vibarazani, na kufikia miaka ya 1920 zilikuwa zimeingia kwenye santuri. Mmoja unamsikitikia Claude na mama yake. Mwingine, ulioazima mahadhi ya wimbo wa dereva mmoja wa treni, umemweka Sidna kizimbani kana kwamba ndiye aliyekuwa akishtakiwa siku ile, na Floyd, mwenye kesi, ameachwa nje kabisa. Mzee jirani yangu aliniimbia beti zake tatu akigonga goti, na nilipomwambia kwamba mtu aliyekuwa kizimbani alikuwa mwingine, alinitazama kwa huruma. "Lakini Sidna ndiye aliyetoroka," akasema. Kwake hoja hiyo ilitosha, na nadhani alinieleza kuhusu ngano zaidi ya vitabu nilivyosoma: mtunzi humtafuta anayekimbia. Aliyeketi kizimbani akisubiri hati hana mwendo wa kuimbika.

Aliyekuja kwa samansi naye vivyo hivyo. Katika beti zote nilizosikia, Betty Ayers hayumo. Nilimpigia simu mama yangu, Tanga, nikamsimulia kisa kizima kuanzia busu la kwenye mahindi mpaka kiti cha umeme. Alinisikiliza kwa utulivu, akiguna mahali pa kuguna. Floyd alimmaliza kwa methali moja, kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Kisha akaniuliza, "Na huyo binti, baba, aliitwa na nani pale?"

Nilimjibu kwamba aliitwa na mahakama. Nimeandika samansi za namna hiyo mamia kwa mkono wangu: wewe fulani wa kijiji fulani, unaamriwa kufika bila kukosa. Wengi waliokuja walikuwa wanawake waliotembea tangu alfajiri, wakiwa wamevaa nguo zao za kwendea msikitini au kanisani, wakakaa kwenye benchi mpaka jioni na kuambiwa shauri limeahirishwa.

Kabla ya kuondoka Hillsville nilishuka kwa zile ngazi za nje, polepole, nikiangalia chini. Alama za risasi bado zipo kwenye ngazi hizo, na yule mama wa makumbusho alikuwa amenielekeza pa kutazama. Niliingiza ncha ya kidole cha shahada katika mojawapo. Kingo zake zimekuwa laini, bila shaka kwa vidole vya watu wengi waliofanya kama nilivyofanya. Mtoto mmoja aliyekuwa amekuja na wazazi wake alikuwa amechuchumaa ngazi mbili juu yangu, akingoja nimalize ili na yeye aingize chake.